Msenene Ndani ya Debe

Kule Kiruruma nilikozaliwa, mtu aliyepewa ardhi ya kulimia tu hakuruhusiwa kupanda mti. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua, hata sisi watoto. Mahindi, sawa. Maharage, karanga, viazi vitamu, sawa. Mgomba hapana, mbuni hapana, na mti wa aina yoyote ile hapana kabisa, kwa sababu vitu hivyo vinakaa. Mahindi ukishayavuna shamba linabaki tupu, na mwenyewe analiona kuwa bado ni lake. Mti ukishika na kukomaa, siku moja aliyeupanda atasema hapa ni kwangu, na wazee watautazama ule mti na kumwamini.

Sisi tulikuwa watu wa kupewa. Baba alivuka mto kutoka Rwanda akiwa kijana, akafanya kibarua cha kahawa kwa mzee mmoja Mnyambo, mwenyeji wa kule, mwenye kibanja kikubwa, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo. Mzee yule alimpenda kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kazi na si mtu wa maneno. Akamwonyesha kona mwisho wa kibanja, pale migomba inapokoma na nyasi za rweya, ile mbuga isiyolimwa, zinapoanza, akamwambia ajenge na alime. Baba akajenga nyumba ya udongo, akaezeka kwa nyasi, akamleta mama. Humo tukazaliwa mimi na mdogo wangu wa kike.

Kahawa ilipokuwa haina kazi, baba alikwenda kaskazini, kwenye misitu ya karibu na mpaka wa Uganda, kupasua mbao. Walifanya kazi wawili wawili kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, na wa shimoni ndiye aliyekula vumbi la mbao kutwa nzima. Baba alikuwa wa shimoni. Kiangazi cha mwaka 1978 alirudi akikohoa, ameshika kitenge cha mama, sukari kidogo, na kopo la maziwa ya unga lenye mche ndani yake.

Mche wenyewe haukuzidi kiganja changu. Wapasua mbao huuita podo. Kwetu ni msenene. Majani yake ni membamba, magumu kidogo, ya kijani kilichokolea, na hayapukutiki kiangazi. Baba alisema huko msituni wameangusha misenene ambayo watu wawili wakishikana mikono hawawezi kuizunguka, na chini ya mmojawapo ndipo alipouona mche huu akauonea huruma. Sijui kama ni huruma. Nadhani alitaka tu kuwa na kitu kizuri mbele ya nyumba yake, kama walivyokuwa navyo watu wa misheni.

Alikuwa ameshachimba shimo hatua nne kutoka mlangoni, mzee akapita akienda kutazama ng'ombe wake. Alisimama, akatazama shimo, akatazama kopo.

"Unapanda nini hapo?"

"Ua tu, waitu," baba akajibu. Waitu ni neno letu la kumheshimu mkubwa. "La kupendezesha nyumba."

"Huo naujua. Huo ni mti." Mzee alilichukua kopo, akaligeuzageuza mkononi. Wala hakukasirika. "Nisikilize, mwanangu. Ukiwa ndani ya kopo ni ua, kaa nao hata miaka mia. Siku utakapogusa udongo ni mti, na mimi mti wa mtu mwingine kwenye kibanja cha baba yangu siutaki."

Baba akalifukia shimo. Nilikuwa na miaka sita, na nakumbuka alivyolifukia, kwa mguu, haraka haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Kopo akaliweka juu ya mawe matatu kando ya mlango, ili mchwa wasipande. Wiki chache baadaye akarudi msituni. Mwezi wa kumi vita vikaingia, askari wa Uganda wakateremka mpaka mtoni, na upande ule alikokuwa baba ndio walioukalia. Hatukumwona tena.

Hayo ni maneno yangu. Mama hakuwahi kuyasema. Vita vilipokwisha walirudi wapasua mbao wawili waliokuwa pamoja naye. Mmoja alisema risasi zilipoanza kila mtu alikimbia na roho yake. Wa pili alisema alimwona baba akielekea mtoni, basi. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na kaburi, hakukuwa na barua. Kaka zake mama, waliokuwa wakiishi mbali na sisi, walimwita akakae nao. Alikataa.

"Akirudi atatukuta wapi?" aliwauliza. "Anajua hapa. Kwingine hakujui."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake moja duniani: kubaki pale pale, kwenye kona ile ya kuazimwa, mpaka mumewe arudi aikute nyumba alipoiacha. Kwa ajili ya hapo mahali aliumia kiuno kwa kubeba kahawa ya mzee. Kwa ajili ya hapo mahali aliwakataa wanaume wawili wa maana waliokuja kumposa, akameza maneno ya wanawake wa jumuiya ya kanisani waliosema anajifanya mtawa. Na kwa kuwa msenene ndicho kitu cha mwisho baba alichokigusa pale nyumbani, aliutunza pia.

Siku hizi naona watu wakinunua miti ya mapambo mjini Kayanga, wanaipanda leo na kesho wameshaisahau. Wa kwetu tuliuuguza. Mwaka wa kwanza ulitaka kivuli, tukaujengea kibanda cha majani ya mgomba, kwa sababu jua la Julai lingeubabua. Mbuzi wa mzee waliutamani, tukauzungushia miiba. Mvua ya mawe iliwahi kuvunja kilele chake, mama akakifunga kwa kijiti na ukamba wa mgomba, kikaunga vibaya, na tangu siku hiyo mti ukawa na shingo upande. Ulipolizidi kopo, mke wa mzee alitupatia debe tupu la mafuta ya kula. Mke wa mzee nilimwita Bibi. Ndiye mtu pekee pale kijijini aliyekuja kukaa kwetu bila shida iliyomleta. Mama alitoboa matundu chini ya debe kwa msumari wa moto, akachanganya udongo mweusi wa bondeni na samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi alishaijaribu mara moja, majani yakaungua ncha, akalaani siku nzima.

Kila mwaka Krismasi ilipokaribia aliukata umbo kwa kisu cha jikoni, polepole, akiuzunguka huku ameshika kiuno. Ukawa mnene chini na mwembamba juu. Watu waliotoka kanisani walisimama njiani kuutazama. Wengine waliomba matawi ya kupamba altare, na mama aliwapa mawili matatu kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Kazi yangu mimi ilikuwa mizizi. Kila Jumamosi nililiinamisha debe, mdogo wangu akalishikilia, nikakata kila mzizi uliochungulia kwenye matundu ya chini, kisha nikaligeuza kidogo ili mti usiegemee jua. Mama hakuweza kunyanyua kitu kizito tena. Alikaa mlangoni akauliza, "Umekata?" Nikajibu, "Nimekata." Aliuliza hivyo hivyo kila Jumamosi kwa miaka.

Mzee naye alikuwa na mchezo wake. Akipita alilisukuma debe kwa ncha ya fimbo, likatikisika juu ya mawe, akasema, "Bado ni ua?"

"Bado ni ua, waitu," mama alijibu.

Mzee alicheka akaenda zake. Kwake ulikuwa utani. Mama hakuwa na utani katika jambo hilo hata chembe. Nilimwona alivyobana pumzi mpaka debe litikisike.

Kiangazi cha mwaka 1985 kilikuwa kibaya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Chemchemi ya karibu ilikauka, ikawa tunateremka mpaka bonde la pili, na ndoo ya kwanza ilikuwa ya kupikia, ya pili ya Bibi kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa wa miguu, ya tatu ya msenene. Na ule mti ulikuwa umelijaza debe lote mizizi. Ukimwaga maji juu yanatokea chini papo hapo. Majani ya ndani yakaanza kuwa ya njano, halafu ya nje. Mama alitoka kila asubuhi akautazama, hakusema kitu, akachukua jembe akaenda kwenye kazi za watu.

Mimi ule ukimya wake niliusoma nitakavyo. Nikajiambia kuwa siku msenene utakapokauka, mama atajua baba amekufa, na kwamba ndiyo maana anautazama vile. Hakuna mtu aliyeniambia. Nilijitungia mwenyewe kichwani, njiani, nikiwa na ndoo kichwani na shingo inauma, na nikishaamini jambo mimi huwa siulizi. Nilikuwa hivyo nikiwa mtoto na watoto wangu watakwambia niko hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo siku moja mama alipokwenda kuchuma kahawa na mdogo wangu, nilichukua panga la baba. Nililaza debe, nikakata bati la chini kuzunguka ukingo, nikalibandua lote. Mizizi ilikuwa imejiviringa humo imebanana, myeupe kwa myekundu. Nilichimba katikati ya yale mawe matatu shimo la kufika gotini, nikalirudishia udongo laini na samadi mpaka ukawa sawa na vichwa vya mawe, nikausimamisha mti juu yake, debe likiwa limeuvaa vile vile. Nikamwaga ndoo nzima ya maji. Kisha nikatandaza nyasi kuzunguka, nyingi, kama tunavyotandaza chini ya migomba kuhifadhi unyevu. Nyasi za kutandaza hazimshangazi mtu wa kwetu. Lile bati la chini nililitupa chooni.

Niliahidi moyoni mwangu kuwa mvua zikianza nitakata mizizi yote na kutafuta bati jingine. Mvua zilianza. Nikalitikisa debe, likacheza kidogo, nikaahirisha. Mwezi uliofuata nikalitikisa tena, halikucheza.

Na msenene ukapona! Sitasahau jinsi ulivyopona. Machipukizi yalitoka kila ncha, ya kijani changa, laini hata ukatamani kuyala. Mama alifurahi, yeye ambaye furaha ilikuwa imeshampitia mbali. "Samadi imeukubali," alisema. Jumamosi aliniuliza, "Umekata?" na mimi nikasema, "Nimekata." Mdogo wangu nilimwambia ameshakuwa mkubwa akateke maji, debe nitalishika peke yangu. Kusema uongo wa kwanza kulinitoa jasho. Baada ya wiki tatu ulikuwa unatoka wenyewe kama salamu.

Mzee alipita mara moja tu baada ya hapo. Nilimwona kwa mbali akijikongoja, fimbo mkononi. Nilikimbia nikatoa kigoda, nikakiweka kati yake na mti, nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu. Keti kwanza, nakuletea uji."

"Marahaba, mwana wange. Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

Akaketi. Alikunywa uji akalisifu lile debe, akasema ua la mama yako linapendeza kuliko kanisa. Fimbo ilikuwa imelala mapajani. Akiondoka aliegemea bega langu na mimi nikampeleka mpaka kwake, nikiongea mfululizo ovyo ovyo ili asigeuke. Miguu yake haikumrudisha tena upande wetu.

Alikufa mwaka 1987. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisini Kayanga, ndiye aliyerithi kusimamia kibanja. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa mbaya. Wadogo zake wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa ule ugonjwa ambao miaka ile ulikuwa unamaliza watu wa kwetu nyumba kwa nyumba, wameacha watoto sita, na watoto sita wanahitaji ardhi. Matanga yalipokwisha alikuja na balozi wa nyumba kumi na wazee wanne kukagua mipaka, kama ilivyo desturi. Bibi naye alikuja, amefunga kanga ya msiba kiunoni. Walianzia juu kwenye kahawa, wakateremka mgomba kwa mgomba, na jua lilikuwa limepanda walipofika kwetu.

Mama aliwatandikia mkeka. Mwana wa mzee alimwamkia vizuri, akakaa, akasema, "Mama, mimi sitaki kumfukuza mtu. Baba alikuachia hapa kwa neno moja tu, usipande cha kudumu. Kama neno lake limetunzwa, na mimi nitalitunza. Utakaa."

"Limetunzwa," mama akasema.

"Na huo mti?"

"Huo uko ndani ya debe. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema ukiwa humo ni ua."

"Nakumbuka alikuwa akisema." Akatabasamu kidogo. "Ila umekuwa mkubwa, mama."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nina miaka kumi na mitano, nina mdomo na ulimi. Ningeweza kumvuta mama pembeni, ningeweza kuzimia, ningeweza hata kulia. Nilisimama tu.

Mama akainuka. Alikuwa mwanamke asiyeapa. Kanisani walimjua kwa hilo, hata akidai haki yake alisema ndiyo au hapana akanyamaza. Siku ile, mbele ya balozi na wazee, aliinua mkono. "Kama mti huu umegusa udongo wa kibanja hiki, mimi na wanangu tuondoke hapa, tusirudi. Usogezeni muone."

Wanaume wawili wakalishika debe. Walisukuma kwa adabu kwanza, wakidhani ni uzito. Wakasukuma tena. Mmoja akaingiza mpini wa jembe chini yake, akaukandamiza, na bati lililokuwa limeliwa na kutu likapasuka kuanzia juu mpaka chini likaanguka pembeni. Msenene ukabaki umesimama. Hapakuwa na debe tena, palikuwa na mti na shina lake na udongo wake.

Balozi alichutama, akafukua nyasi kwa mkono, akaokota kipande cha ukingo wa bati, akakipitisha kidole. "Hapa hapakuoza," alisema. "Pamekatwa. Kwa panga."

"Sikujua," mama akasema.

Mzee mmoja akaguna. Wa pili akatazama pembeni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikujua," mama akarudia, na sasa alikuwa akimtazama Bibi. Bibi alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Nilikuwa naona mawazo yakimpita mama usoni moja baada ya jingine: nani aliingia uani kwake, nani alitoa lile debe, nani ana wajukuu sita wasio na ardhi. Kwangu hakutazama kabisa. Mimi nilikuwa wa Jumamosi, wa "nimekata", sikuwa mtu wa kushukiwa.

Mwana wa mzee alisimama akajipangusa suruali. Naamini aliona aibu kuliko mama. Alisema kama si kiapo wangeukata tu mti wakayamaliza, lakini mtu ameshajitamkia mwenyewe mbele ya wazee, na yeye hawezi kuanza usimamizi wake kwa kuchezea kiapo. Akaturuhusu kukaa mpaka mavuno ya maharage. Mama akasema hatangoja mavuno.

Siku tuliyoondoka, Bibi alikuja na kikapu cha ndizi na chumvi. Alimwuliza mama, "Mnakwenda wapi? Niambie, ili mtu akija kuwaulizia nijue pa kumwelekeza." Mama alimpita akiwa na mzigo kichwani. Hakumjibu, hakumuaga. Hakumwambia mtu yeyote pale Kiruruma tunakokwenda, kwa sababu wote walishamwita mwongo, na Bibi, yule mmoja ambaye hakumwita mwongo, mama mwenyewe alimwona ndiye mchawi wake.

Njiani, tulipoketi kupumzika, aliniuliza mara moja tu. "Jumamosi ulikuwa unakata kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni yule mwanamke," akasema, akajitwika mzigo wake.

Tulikwenda upande wa Kyerwa, tukasafisha rweya ambayo serikali ya kijiji ilikuwa ikiwagawia watu. Ekari mbili za udongo mwembamba, lakini zetu, zenye barua yenye muhuri. Mama aliiweka ile barua kwenye mfuko wa sukari na hakuifungua tena. Alipanda mahindi na maharage. Nilimwambia sasa tunaweza kupanda migomba, akasema tutaona. Migomba niliipanda mimi, baada ya kuolewa na kuachika na kurudi, na yeye hakuwahi kuipalilia. Jioni alikaa kwenye kizingiti akitazama njia, halafu akawa hatazami tena, alikaa tu. Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto kwa maelfu na vilima vya jirani vikabaki bila kuni, watu wa kwetu wengi walikwenda kambini kutafuta ndugu. Nilimwuliza kama twende. "Mimi anayenitafuta hajui niliko," alisema. "Nikamtafute nani?"

Mara ngapi nilitaka kumwambia? Sikuhesabu. Bibi akiwa hai ningeweza kwenda kwake kwa mguu siku moja na nusu, nikamwambia tupo mahali fulani, baba akija mwelekeze. Sentensi moja. Lakini kwenda kwa Bibi kulikuwa kukiri, na kukiri kulikuwa kumwambia mama kuwa kiapo chake mimi ndiye niliyekivunja miaka miwili kabla hajakila. Nikawa naahirisha, kama nilivyoahirisha mizizi. Habari ya kifo cha Bibi ililetwa na mfanyabiashara wa maharage. Mama aliposikia alisema, "Mungu amemwona," akaenda kuchota maji.

Hilo ndilo lililonishinda. Ilinichukua miaka mitatu mingine, lakini neno lile lilikaa ndani yangu likioza. Mwaka 1996, asubuhi moja, mama alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Nilichutama mbele yake nikamwambia yote, mfululizo, bila kupumzika: panga, bati, shimo, nyasi, Jumamosi.

Hakuacha kuchambua. Vidole viliendelea kutoa mawe na punje mbovu.

"Wewe," alisema.

"Mimi, mama."

"Si yule mwanamke."

"Si Bibi. Bibi hakujua chochote."

Vidole vikasimama. Nilingoja anipige, na nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne mwenye watoto wawili, na ningeshukuru. Aliponiuliza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kwa nini?"

"Mti ulikuwa unakauka. Niliona unautazama kila asubuhi. Nikaogopa ukikauka utasema baba amekufa."

Mama aliinua uso akanitazama kama anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

"Nilikuwa naangalia kama umeshakufa, nipumzike nao," alisema. "Kila siku fimbo ya yule mzee, kila siku roho juu. Mti wa nini? Mimi nilikuwa nataka hapo mahali tu." Akapepesa macho. "Ungeniambia unakauka, mwanangu. Ningekwambia uuache ufe."

Kisha akauvuta ungo karibu akaendelea na maharage. Nilibaki nimechutama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na yeye hakunifukuza wala hakunisemesha.